Ulimi wa Mninga

Oktoba 6

Tumerudi kutoka likizo fupi na mvua nayo imerudi. Humu naandika Kiswahili, kwa sababu ndani ya uzio wa shule hii ni daftari hili tu linaloniruhusu kukisema bila kugeuka kuona nani yuko nyuma yangu. Watu wakizungumza Kiingereza nitawaandika kwa Kiswahili. Wengine nitakuwa nimewafanyia hisani kubwa.

Mkuu wa shule, Mwalimu Luhende, ametuletea kitu kipya. Ni kipande cha mninga kilichochongwa mfano wa ulimi, kinatosha kiganjani, kina kamba ya katani. Alikiinua mstarini asubuhi kila mtu akione. Ukikutwa unazungumza lugha yoyote isiyo Kiingereza, unapewa. Unaruhusiwa kukificha mfukoni, na unakaa nacho mpaka nawe umkamate mwenzako. Atakayekuwa nacho jioni anakivaa shingoni, anasimama mlangoni mwa bwalo mpaka wote tumalize kula, ndipo anakula kilichobaki. Neno la mwenye nacho ndilo la mwisho, halina rufaa. Mchana hakuna anayejua kiko kwa nani, na Mkuu alisema hapo ndipo penye dawa yenyewe.

Kabla ya chakula cha mchana kilikuwa kimeshapata jina. Sote tunakiita Ulimi.

Oktoba 7

Kiingereza tunafundishwa na Mwalimu Jonathan, mtu mrefu, mpole, anayevaa sweta hata jua likiwaka. Kila muhula huchagua kitenzi kimoja cha maneno mawili, anakiandika pembeni mwa ubao na kukataza kisifutwe. Safari hii ni "pass on". Alianza na maana rahisi: kitu kimekufikia, unampa anayefuata. Tukapitishiana chaki kutoka dawati hadi dawati kama watoto wa chekechea.

Akasema kitenzi hiki kina maana nyingi kuliko tunavyodhani. Atakayeleta maana mpya, kutokana na jambo lililotokea kweli hapa shuleni, atapata peremende. Nazitaka zote. Si kwa utamu. Mwakani nataka kuwa dada mkuu, na dada mkuu huchaguliwa na walimu siku ya kufunga shule, mbele ya wazazi.

Oktoba 8

Kitanda cha chini yangu kimepata mtu. Anaitwa Getruda, anatoka kijiji kimoja mbele ya Bujora, na anasomeshwa na wafadhili. Amekuja na tranka lililofungwa kwa kamba ya kufungia ndama. Anawaamkia wote, wapishi, mlinzi, hadi mimi. R yake ni L na L yake ni R. Nilipomwambia naitwa Sabina alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akapiga goti kidogo. Minaz, rafiki yangu, ambaye mama yake ana duka la vitambaa mjini, alisema ana adabu nzuri. Mimi nilisema muhula hautaisha kabla hajalia.

Oktoba 9

Mvua. Dagaa. Mvua.

Oktoba 15

Wiki hii Getruda amesimama mlangoni mwa bwalo jioni tatu. Anasimama wima na Ulimi kifuani, anatutazama kwa upole tunavyoingia, utafikiri ni harusi na yeye ndiye mpokea wageni. Hajui kukamata. Watu wanateleza mbele yake naye anageuza uso.

Mbili kati ya hizo nimempa mimi. Si kazi ngumu. Unamwuliza kwa Kiingereza, polepole, "Bibi yako hajambo?" Anaanza vizuri. Bibi yake ndiye aliyemlea, anampenda kupita kiasi, na akifika kwenye habari za ng'ombe wa bibi yake Kiingereza kinamwishia, anamwagika Kisukuma. Hapo unatoa Ulimi mfukoni, unamkabidhi. Leo aliupokea akasema, "Thank you." Bweni zima lilicheka na mimi nilicheka zaidi yao.

Niandike na hili, maana hakuna atakayelisoma. Kisukuma nakijua. Bibi yangu, mama yake Baba, alinilea Bujora mpaka nikafikia umri wa shule. Kisha Baba akajenga Nyegezi, akatuhamisha, akasema Kisukuma kimebaki Bujora kulinda ng'ombe. Hapa shuleni nikiulizwa, mimi ni mtoto wa mjini, sijui hata salamu. Kwa hiyo Getruda anapomwagika mimi nasikia yote. Bibi yake ana ng'ombe mmoja mkorofi anayemchukia mchungaji na kumpenda paka.

Oktoba 20

Peremende ya kwanza. Mpishi alinituma nifikishe salamu zake kwa Mwalimu Jonathan, nikazifikisha kwa kitenzi chenyewe. Minaz naye kapata yake: mafua yamepita bweni zima na yeye ndiye aliyeyaleta.

Oktoba 27

Mwalimu Jonathan katoa maana moja mwenyewe. Alisema babu yake alimrithisha masikio, akageuka pande zote mbili ili tuyaone. Ni makubwa kweli. Getruda aliandika maana hiyo taratibu, akiwa ametoa ncha ya ulimi. Ulimi wake mwenyewe, ule mwingine ulikuwa kwa mtu wa Kidato cha Pili.

Novemba 4

Leo nimepata peremende mbili na sijazila.

Ilikuwa kipindi cha Kiingereza. Mimi ndiye niliyekuwa na Ulimi tangu asubuhi, nilikuwa nimeupata kwa uzembe wangu wakati wa kufagia, na nilikuwa natafuta wa kumpa kabla ya jioni. Mkuu akaingia na wageni, wafadhili wanne waliokuja kuwaona wanafunzi wao. Aliwatembeza kati ya madawati, akawaonyesha ubao, kisha akasimama mbele ya Getruda. Nadhani alikuwa na ujumbe huo tangu mapema, na ratiba ya wageni ndiyo iliyouchelewesha. Akasema kwa Kiingereza chake cha mstarini, "Getruda, nasikitika kukuarifu, your grandmother has passed on."

Getruda alisimama, kama tunavyofundishwa kusimama mkubwa akikusemesha. Alifikiri. Sote tulimwona anafikiri, macho yake yakaenda pembeni mwa ubao na kurudi. Akauliza kwa furaha ya mtu aliyepata jibu, "What did she pass on, sir?"

Darasa likacheka. Sitasema uongo humu, niliyeanza ni mimi.

Mkuu alirudia maneno yale yale, kwa sauti kubwa zaidi, akidhani hakusikika. Getruda bado anatabasamu, anangoja kuambiwa bibi yake kampelekea nini. Mwalimu Jonathan aliweka chaki chini, akapita katikati ya wageni, akainama sikioni mwake na kusema, kwa Kiswahili, mbele ya Mkuu na wafadhili wake, "Bibi yako amefariki, mwanangu."

Ndipo alipolia, na alilia kwa Kisukuma. Hakulia hovyo, alikuwa anazungumza na bibi yake. Alimwuliza kwa nini hakumngoja kama alivyomwahidi. Akamwuliza mahindi ya msimu huu atamchomea nani, na nani sasa atamwita kwa jina lake la utotoni, maana hakuna mwingine anayelijua. Wengine walisikia kelele tu. Mimi nilisikia kila neno, na machozi yalinitoka kabla sijayazuia.

Na Ulimi ulikuwa mfukoni mwangu. Nilifikiria jioni, mlango wa bwalo, Kidato cha Kwanza wakinipita na sahani zao. Nikautoa. Nikaenda nikauweka juu ya dawati lake, kamba nikaikunja vizuri isidondoke. Hakuna aliyenituma. Mkuu aliwatazama wafadhili, akatikisa kichwa na kusema, "Sheria ni sheria." Mfadhili mmoja, mama mwenye miwani, alitoka nje.

Wageni walipoondoka Mwalimu Jonathan alikuja kwenye dawati langu. Aliweka peremende mbili mbele yangu bila kunitazama usoni. Alisema, "Maana mbili kwa mkupuo mmoja. Umekitumia sawasawa."

Getruda alipewa ruhusa ya kwenda kuzika. Alitoka na Ulimi shingoni mpaka getini, mlinzi ndiye aliyemvua.

Novemba 5

Mvua kubwa. Kitanda cha chini kitupu. Hata Minaz hasemi nami sana.

Novemba 9

Amerudi. Kaja na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa vinavyovunja meno, mfuko mzima. Akagawia bweni. Alianza na mimi. Nikapokea, nikatafuna, ladha yake ilikuwa ya Bujora kabisa na nilichukia kwamba nimeitambua.

Novemba 11

Makaro ya kufulia yako nyuma ya bweni, chini ya ukuta wa mawe unaozuia kilima. Leo tulikuwa wawili tu, mvua inapiga bati hadi usisikie mawazo yako. Getruda akaniambia kwa Kisukuma, bila kuinua kichwa kwenye nguo zake, "Siku ile ulilia."

Nilimjibu kwa Kiingereza kwamba sielewi anachosema.

Akasema, "Ulilia nilipofika kwenye mahindi. Wenzako walinitazama mimi, wewe ulitazama chini. Unanisikia tangu zamani." Akasuuza sketi yake, akaikamua. "Usiogope. Kama hutaki wajue, hawatajua."

Nilimngoja aseme anataka nini. Hakutaka kitu. Hilo lilinikera kuliko kama angenitaka nimfulie mashuka muhula mzima. Tukafua. Mwishowe nikamwuliza, kwa Kisukuma, yule ng'ombe mkorofi amebaki na nani. Maneno yalitoka yamelegea, nikakosea mawili. Alicheka hadi akakaa juu ya ndoo. Amebaki na paka, alisema.

Novemba 12

Nguo zangu zilikuwa safi. Nikaenda kuzifua tena.

Novemba 14

Getruda anaweza kumwigiza Mkuu. Anaanza na tumbo, kisha ufunguo wa ofisi anavyouzungusha kidoleni, na mwisho ile "sheria ni sheria", kwa Kisukuma, ambapo inasikika ya kijinga kweli. Nilicheka nikaumwa mbavu. Nilikuwa nadhani ni mjinga. Si mjinga hata kidogo, ana subira tu, na sisi hapa tunachanganya subira na ujinga.

Novemba 17

Nimemwuliza mbona hampi mtu Ulimi, anasimama mlangoni badala yao. Alishangaa. Alisema, "Sasa nikimpa mwingine si atasimama yeye?"



Novemba 19

Mkuu katangaza. Siku ya kufunga, wazazi wakiwa wamekaa, atauliza Ulimi uko kwa nani. Atakayesimama hatakuwa kiongozi wa aina yoyote mwakani. Na kama anasomeshwa na wafadhili, ufadhili wake umeishia hapo, maana wafadhili hawawezi kulipia watu wasiotaka Kiingereza. Hakutaja jina. Sote tulimtazama Getruda.

Jioni makaroni aliniambia kwamba akirudishwa nyumbani hakuna shule nyingine. Baba yake mdogo ndiye aliyebaki, na ameshampangia mume, mtu mwenye lori Usagara. Alilisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Nikamwambia basi tuache Kisukuma, hata hapa, mpaka muhula uishe. Akakubali. Kuanzia leo makaroni tunafua kimya.

Novemba 25

Maji yanayotoka chini ya ukuta wa makaro yamekuwa mekundu. Juu kuna jiwe kubwa, ukubwa wa chumba, na udongo uliolishikilia unayeyuka siku baada ya siku. Getruda ameliona kabla yetu. Jana alimfuata Mkuu mstarini, mbele ya watu wote, akamwambia kwa Kiingereza, "Sir, the wall is pregnant."

Kwao ukuta ukivimba husemwa hivyo. Shule nzima iliangua kicheko. Mkuu mwenyewe alipangusa macho kwa kitambaa, akamwambia kuta hazishiki mimba, aende akatafute neno sahihi kisha arudi. Getruda alikaa na kamusi hadi kengele ya kulala. Leo asubuhi alipompelekea neno, Mkuu alikuwa amekwenda mjini kukodi mahema ya siku ya kufunga.

Mimi ningeweza kumwambia neno hilo palepale mstarini. Nililijua. Lakini wote walikuwa wanacheka.

Novemba 30

Mvua haijakatika. Mitihani. Mwalimu Jonathan kaniita ofisini, kaniambia jina langu na la Minaz ndiyo yanayozungumzwa kwa udada mkuu. Hakutabasamu aliponiambia.

Desemba 4

Kesho tunafunga. Nilikuwa napanga nguo kwenye tranka, radi ikapiga karibu sana, nikasema, "Jamani!" Neno moja. Minaz alikuwa nyuma yangu. Alikuwa amelia, macho yamemvimba. Akatoa Ulimi ndani ya soksi yake, akaniambia, "Nisamehe, Sabina. Mama yangu anakuja kesho." Akaniwekea mkononi, akakimbia.

Nimezunguka mabweni yote mpaka wakati wa kuzima taa. Hakuna anayefungua mdomo. Wote wanajua uko kwa mtu.

Desemba 5

Asubuhi nilimwambia Getruda. Ndiyo, mimi mwenyewe. Nilikwenda makaroni kufua shati la kuvaa mbele ya wazazi, nikamkuta anafua lake, na nikamwonyesha Ulimi ili achunge mdomo wake. Nilimpenda kiasi hicho. Aliutazama, akaweka kidole midomoni, akanionyesha kwa ishara kwamba leo ni bubu mpaka atakapopanda gari. Tukacheka kimya kimya. Mimi nilikuwa nimeupa ukuta mgongo. Yeye alimaliza, akaenda kuanika kwenye kamba, upande wa pili wa uwanja.

Nilikuwa nasugua kola. Mvua ilikuwa nyepesi. Sikusikia chochote isipokuwa brashi yangu. Kisha Getruda akapiga kelele, "Pelaga! Sabina, pelaga!"

Kimbia. Sikugeuka kutazama. Sikufikiri. Miguu ilikimbia yenyewe, kama ilivyokimbia Bujora nilipokuwa mdogo na dume la ng'ombe limekata kamba. Nilikuwa nimefika katikati ya uwanja ukuta ulipoanguka na jiwe likaja nyuma yake. Makaro hayapo tena. Pale nilipokuwa nimeinama pana jiwe, na shati langu liko chini yake.

Kama angelitafuta neno la Kiingereza ningekuwa nimekufa. Kama mimi ningekuwa yule mtoto wa mjini ninayejidai kuwa, ningekuwa nimekufa vilevile. Alinishika, akanipapasa kichwa na mabega kuona kama niko mzima. Hakusema neno lingine. Alijua kilichomo mfukoni mwangu. Alipiga kelele akijua.

Saa nne wazazi walikaa chini ya mahema. Mkuu alimshukuru Mungu kwamba ukuta haukumdhuru mtu, akasema mvua za mwaka huu hazikutarajiwa. Zikaimbwa nyimbo. Baba alikuwa mstari wa mbele, suti ya kijivu, simu juu ananirekodi na bado sijafanya lolote. Mama mwenye miwani alikaa na wafadhili wenzake. Kisha Mkuu akasema, "Mwenye Ulimi asimame."

Nilisimama. Baba alishusha simu.

Mkuu naye alishtuka, nadhani alikuwa na jina langu kwenye karatasi yake. Akanitazama, akasema polepole, kama mtu anayekufungulia mlango, "Sabina. Una hakika unastahili kuwa nao? Hakuna mtu uliyepaswa kumpa ukachelewa?"

Nataka niandike kwamba nilisita. Sikusita. Nilisema, "Getruda, sir. Leo asubuhi. Alipiga kelele."

"Kwa lugha gani?"

"Sijui, sir. Nadhani Kisukuma."

Mwalimu Jonathan alisimama kwenye kiti chake cha nyuma. Hakuomba ruhusa. "Kama hujui Kisukuma," aliniuliza, "ulikimbia kwa nini?"

Nikasema, "Niliuona ukuta unaanguka, sir."

Getruda alijua nilikuwa nimeupa mgongo. Alijua na mengine yote, ng'ombe, paka, vicheko vya makaroni, angeyasema kwa sentensi mbili na mimi ningezama pamoja naye. Mkuu alimwuliza kama ni kweli alipiga kelele kwa lugha nyingine. Alisimama wima, vilevile anavyosimama mlangoni. Alisema, "Yes, sir. She is telling the truth." Kila R na kila L mahali pake. Akaja mbele, akauchukua Ulimi mkononi mwangu kwa mikono miwili, akauvaa mwenyewe.

Mama mwenye miwani alisema kitu kwa Mkuu, Mkuu akajibu kwamba sheria ilitangazwa mapema. Kisha nikatangazwa dada mkuu. Baba alipiga makofi kuliko wazazi wote. Minaz hakupiga.

Dada mkuu ndiye anayetunza Ulimi wakati wa likizo. Mkuu alimvua Getruda, akanipa.

Nje ya geti sheria haifiki. Baba alikuwa anapakia tranka langu, Getruda akapita na lake kichwani, lile la kamba ya ndama. Alisimama. Aliniuliza kwa Kisukuma, mbele ya Baba, kama sikuumia popote. Hakuwa na hasira, ndivyo alivyo, alitaka kujua. Baba, ambaye Kisukuma anakijua kuliko mimi, akaniuliza akicheka, "Anasemaje huyo?"

Nilimwambia sijui. Gari likaondoka. Nililia mpaka tunaiona Nyegezi, na Baba alidhani ni furaha.

Desemba 6

Nyumbani. Keki. Watu wengi. Nimeweka zile peremende mbili juu ya meza, zimenata kwenye karatasi zake.

Desemba 8

Bibi kaja kutoka Bujora. Baba alimsimulia ukuta kwenye simu, na jinsi mtoto mmoja wa kijijini alivyopiga kelele kwa Kisukuma mjukuu wake akapona. Bibi hakungoja kualikwa. Kaja na jogoo mwekundu, kafungwa miguu, yuko chini ya meza anatutazama.

Nilimwamkia kwa Kiswahili. Aliitikia kwa Kisukuma. Akasema jogoo si wa kuchinja hapa, ni wa huyo mtoto. Mtu akikurudishia mjukuu huwezi kukaa kimya, lazima uende kwao na mkono usio mtupu, useme ahsante wakisikia. Kesho twende wote.

Nilimwambia sijui kwao ni wapi. Sikumwona vizuri, ilikuwa mvua.

Bibi alinitazama. "Aliitaje?"

"Sikuelewa, Bibi. Nilikimbia tu."

"Neno la kukimbia nimekufundisha mimi," alisema. "Siku ya lile dume. Ulikuwa hujaota meno yote." Akanyanyuka, akawa anapangapanga vitu vyangu juu ya meza, maana mikono yake haiwezi kukaa bure. Ndipo alipouona Ulimi.

Aliugeuza, akausugua kwa kidole gumba. Akasema mninga ni mti mzuri na aliyechonga ana mkono. Akauliza kama naweza kumpa. Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie ni kitu gani hicho, na anavishwa nani, na kwa kosa gani. Sikuweza. Ningeanzia wapi? Aliuvaa shingoni, akajitazama kwenye kioo cha kabati, akarekebisha kamba ikae sawa juu ya kanga yake. Amezungumza Kisukuma nao kifuani mchana kutwa, anacheka na Mama jikoni, na Baba kila akimpita anageuza uso, maana siku ya kufunga alikuwepo.

Jioni amesema hakuna haja ya mimi kwenda. Kutoka kwake mpaka vijiji vya mbele ya Bujora ni mwendo mfupi, na mtoto aliyeita kwa Kisukuma ni mtoto wa watu, atapatikana. Ataulizia nyumba hadi nyumba. Anaondoka asubuhi na jogoo wake, na Ulimi ameshasema hauvui.